Kigoda

Wodi ya wanaume, Muheza, saa mbili kasoro.
Siku zote walipita kama msafara wa waziri:
daktari, wanafunzi, mafaili, harufu ya spiriti.
"Kitanda cha sita. Sukari, kidonda cha mguu, hamezi dawa."
Mzee Semhando alijisikia akitajwa
kama mtu anayesikia jirani akisengenywa.

Leo Sista Mkamboi, mkuu wa zamu,
amekokota kigoda kutoka jikoni,
akaketi, magoti yakigusa shuka.
"Onga mshi, baba."
Kisha akanyamaza.
Akanyamaza tu.
Daktari alitazama saa, akafungua kinywa;
sista akainua kidole kimoja.

Mzee akakohoa. Akalipangusa jicho la kushoto.
"Mwaniandikia kutwa mara tatu, baada ya chakula.
Kwangu Amani chakula ni kimoja.
Nani aliniuliza?"

Kalamu zikasita.
Mwanafunzi wa nyuma alilikata kwa mstari
neno aliloandika jana: mkaidi.

Daktari akatafuta pa kukaa. Kigoda cha pili hapana.
Akachuchumaa, koti jeupe likafagia sakafu,
uso wake ukawa chini ya uso wa mgonjwa.

"Hicho kimoja, baba," akauliza,
"huwa saa ngapi?"