Kiatu Kisichokanyaga Chini

Edista kaniletea ubao toka Bangwe,
viatu viwili juu yake vimegombana na miguu:
"Kisigino kinachomoka, fundi, kila boti ikivuta."

Miaka kumi na tisa natia soli hapa Mwanga,
kiatu cha kutembelea ziwani sijapata kukishika.

Skrubu moja inazunguka tu, haiumi,
kama mdeni wangu Ntahondi: kesho, kesho.
Nyingine mchanga umeziba meno yake.
Nikasugua kwa mswaki mkuukuu,
nikachonga washa kwenye kandambili.

Mguu wa mbele nikaugeuza kidogo, utazame Kongo;
wa nyuma ubaki unakumbuka Kigoma.
"Chuchumaa. Goti linasemaje?"
"La kushoto linalalamika."
Nikarudisha tundu moja.

Kamba usikaze hadi vidole vife ganzi.
Kikikushika mno, siku ya kuanguka kitakuvunja;
kikilegea, kitakuacha njiani.
Akacheka: "Hapo unasema ubao, au mume wangu?"

Nikainama kutafuta skrubu ya nne.

Jumamosi nikashuka Katonga.
Akainuka. Akaenda. Akaanguka.
Ubao ukaelea peke yake, viatu midomo wazi,
naye pembeni, mzima,
anahesabu vidole.