Gauni Lisilo Kitambaa

Zulmira huandika usiku, akishamaliza kupiga pasi.
Kompyuta ameiweka juu ya meza ya kukatia,
kati ya chaki na mkasi.
Lugha yenyewe ilizaliwa ng'ambo ya ghuba, kule Rio,
wakaipa jina la mwezi. Yeye yuko Niterói,
chini ya bati linalovuja kwenye kona moja tu,
na ndoo inaijua kazi yake.

Anaanza na kitu kitupu:
    gauni = {}
Mabano mawili yamevimbisha mashavu,
ndani hamna hata uzi.
Anacheka. Miaka thelathini na mmoja ya ushonaji
hajawahi kumpimia mtu gauni lisilo kitambaa.

Kisha nukta. Nukta ndogo kama tundu la sindano,
na sifa zinapita:
    gauni.kiuno = 71
    gauni.urefu = 108
    gauni.rangi = "samawati"
Ukitaka mfuko, unautaja mfuko, na mfuko upo.
Mteja akinenepa sikukuu, unaandika upya,
71 inakuwa 74,
wala hapabaki alama ya mshono uliofumuliwa,
wala vitundu kwenye hariri
vya kumshitaki fundi.
Hapo ndipo alipoanza kuitilia shaka.

Wateja wa wiki hii ni Jandira na mdogo wake Ivonete,
wanataka sare ya ubatizo.
    la_pili = gauni
anaandika, akidhani amekata nakala.
Ivonete ni mwembamba kama ufito:
    la_pili.kiuno = 62
Akarudi kulichungulia la kwanza.
62.
Akafuta miwani.
62.
Jandira, mwenye nyonga za kuheshimika,
angepasukia kanisani.

Akakaa kitako. Ndoo ikahesabu matone.
Si magauni mawili, Zulmira. Ni gauni moja
lenye majina mawili, na jina si kitambaa.
Ukitaka la pili kwelikweli, fungua mabano mapya,
hamisha kipimo kimoja kimoja, kwa mkono,
kama ulivyofundishwa.

Kwenye msumari nyuma ya mlango
linaning'inia gauni la kijani. Lilikuwa la mama yake.
Alilibana kiuno Agosti ile, baada ya mazishi,
akalivaa kwenda benki kutia saini.
Karani alilisifu. Zulmira akajibu, ni la mama,
kisha akajisahihisha, ni langu,
kisha akaomba kalamu.

Somo la mwisho la usiku ni kufuta.
Unaiambia sifa kwamba ni nil, yaani hamna,
na kitu kinasahau kama kiliwahi kuwa nayo.
Anaandika
    kijani.mwenyewe =
Kishale kinapepesa, kinangoja upande wa kulia.
Anakitazama.
Anainuka kwenda kumwaga ndoo.