Mgongo wa Kitabu

Kililetwa Jumanne, kimefungwa kwa skafu,
na bibi mmoja wa Karen mwenye mkongojo na haraka.
"Cha babu wa babu yangu. Kurasa zinapukutika. Utaweza?"
Nitaweza. Niko barabara ya Kirinyaga, orofa ya pili,
juu ya wauza springi na rejeta,
na hakuna mgonjwa wa karatasi aliyenifia bado.

Kimombo cha zamani, wino umegeuka rangi ya chai.
Nikifumua uzi nikamsoma, bila ruhusa:
Josia Tredwell, miaka kumi na tisa,
jora moja la pamba, si lake,
hukumu miaka saba ng'ambo.
Miezi mitano tumboni mwa meli, pingu zikimla vifundo.
Jirani yake alikufa Alhamisi;
wakanyamaza hadi Jumamosi, wakigawana mkate wake.
Hapo niliweka sindano chini.

Kisha kisiwa cha mwisho wa dunia, mawe, mjeledi,
barabara aliyoichonga bila idhini ya kuipita.
Nambari 1174.
Mama yake hakujua kusoma.
Alimwandikia hivyo hivyo.

Kurasa za nyuma mwandiko ni mwingine, umenenepa:
mjukuu, kondoo, meli ya pili, safari hii kwa tiketi,
gari la moshi, Nairobi ya mahema na matope,
ekari elfu tatu zisizo na mtu.
Zisizo na mtu.
Nilirudia mara tatu, gundi ikanikaukia kwenye brashi.

Maana babu yangu Gitahi alikuwa mtu.
Alishona viatu Kariokor. Aprili ya hamsini na nne
walikuta kipande chake hakina muhuri,
wakampakia lori, kisha behewa lenye waya dirishani,
mpaka Manyani. Miaka minne. Hakuiba hata kisigino.
Daftari hakuacha. Aliacha kijiko cha bati
alichokigonga mwenyewe kwa jiwe, na tabia ya kula
akiikinga sahani kwa mkono.

Nilitaka kumchukia Josia. Nilijaribu siku nzima,
lakini kijana yule, na mkate ule wa maiti...
Yeye ningempa kiti.
Mjukuu wake, sijui.

Kitabu kikongwe hudai utepe wa kukaza mgongo,
karatasi yoyote iliyo karibu, haionekani tena.
Nikakata kipande cha bahasha ya kaki, nikaandika kwa penseli:
Gitahi, 20817, Manyani, fundi wa viatu.
Nikakipaka gundi, nikakibana chini ya ngozi
usiku kucha, matofali mawili juu.

Ijumaa bibi alikuja, akakifungua, akakinusa.
"Hazipukutiki tena."
Hapana, mama. Zimeshika.
Akalipa elfu tatu na mia tano, akaomba risiti,
nami nikamuuliza niandike jina gani.