Foleni ya Saa Kumi

Mkamwana wangu Salha haachi kuniambia:
"Baba, nenda sokoni asubuhi, soko jeupe,
samaki bado wana macho, watu bado hawana ndimi."
Asemalo kweli. Nishajaribu.
Chungu cha tatu nilifika Chake saa mbili na robo,
muuza shelisheli kalala juu ya magunia,
akafumbua jicho moja, akataja bei,
nikalipa. Hata kupatana hatukupatana.
Dakika saba.
Kisha siku nzima ikabaki wazi
kama sufuria iliyopotelewa na kifuniko.

Miaka thelathini na mmoja nimekaa posta,
nyuma ya dirisha lenye wavu,
foleni ikinijia mwenyewe:
barua za Tanga, za Maskati,
hawala za wajane,
wachuma karafuu wenye vidole vyeusi.
Nilikuwa naliona paji la uso la aliye mbele.
Huko nyuma yake kuna nini, sikupata kujua.

Siku ya kuniaga wakanipa kiinua mgongo.
Kiliezeka banda la uani,
kikamwoza Hidaya, kikesha.
Mgongo nao ukashika njia yake.

Basi nakwenda saa kumi,
jua linapouma na matumbo yanaponguruma,
kila mtu ana kapu na kila kapu lina kiwiko.
Nawakuta wenzangu.
Bi Chumu, aliyekuwa mkunga Mkoani,
haibonyezi tungule; huipapasa kwa viganja viwili,
kichwa kakiinamisha, kama anasikiliza inavyokaa.
Maalim Shaame amesimama mbele ya kibao cha muuzaji,
anatoa chaki mfukoni, anaongeza herufi iliyokosekana,
kisha ndiyo anauliza bei.
Sisi hatununui pishi. Tunanunua kibaba.
Chumvi leo, bizari kesho,
vitunguu viwili, na huyo mmoja nibadilishie, yakhe,
nauli ya kuja ni pencheni, tuifaidi.

Kijana nyuma yangu akamwambia mwenzake:
"Wazee hawa wana siku nzima.
Si waje sisi tuko kazini?"
Maneno nimeyapokea shingoni, pamoja na pumzi yake.
Sikugeuka.
Ningemwambia nini? Kwamba nyumbani
wote wananipisha?
Kwamba tangu Mfungo Saba
hakuna bega lililogusa bega langu
ila hapa, na la msikitini?

Ghafla mwingine, mwenye adabu zake, akapaza sauti:
"Mpisheni babu jamani, babu kafunga!"
Kana kwamba wao wanakula.
Njia ikafunguka kama pazia.
Nikasukumwa mbele kwa heshima,
shelisheli likatiwa kapuni, chenji ikahesabiwa mara mbili,
na nikajikuta nje, upande wa kivuli,
saa kumi na dakika kumi na mbili.
Magharibi bado iko mbali kama Maskati.

Nikasimama.
Nikalitazama shelisheli, nalo likanitazama.
Ndipo nilipojisahaulisha ndimu.
Nikazunguka kwa nyuma, kwenye mabanda ya mkaa,
kofia nikaivua nikaitia mfukoni
asije mwenye adabu akanijua tena,
nikashika mkia wa foleni ya ndimu,
mrefu, mashallah, unafika hadi kwa fundi saa.

Mbele yangu mama na mtoto anayelia biskuti.
Nyuma yangu akaja mtu, nyuma yake mwingine.
Mtu akanikanyaga. "Samahani, mzee." "Hapana neno."
Akanieleza habari ya ng'ombe wake, mwanzo mpaka mwisho,
na ng'ombe akapona kabla hatujafika kwenye mizani.

Nimerudi nyumbani uji unapoozwa.
Salha kasimama mlangoni na mwiko mkononi.
"Baba! Saa mbili nzima, kwa ndimu moja?"

"Kulikuwa na foleni," nikamwambia,
kwa sauti ya mtu anayesema
kulikuwa na harusi.