Kumngoja Chini

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, uwanja bado ni wa sungura.
Skirmantė ameshaamka, ana ndoo na kitambaa cha ngozi,
anafuta umande kwenye bawa la kushoto,
kisha la kulia, polepole, kama anayemwogesha mgonjwa.
Hapa Hungaria umande ni mzito kuliko kwetu Lithuania,
au labda ni sisi tumechoka. Hii ni siku ya tisa.

Mimi ni dereva wa tela. Jina langu halimo kwenye matokeo.
Nimechaji betri usiku kucha, zikinung'unika chini ya kitanda,
nimejaza maji mabawani, lita mia na sitini,
kwa mpira wa bustani unaovuja kwenye kiungo.
Uzito huo tunampa Vaidotas ili akimbie.
Mambo yakiharibika ataumwaga angani:
mvua ya mtu mmoja, isiyomfikia mkulima yeyote.

Saa nne, mkutano. Zsombor, mtabiri wa hewa,
mwenye kandambili na sauti ya kuomba radhi,
anasema mawingu yataanza mchana, labda,
na labda yatasimama mita elfu moja na mia nne.
Amesema "labda" mara saba. Nilihesabu.
Danguolė, kapteni wetu,
aliyefua soksi za timu nzima jana kwenye sinki la jikoni,
anauliza swali moja tu: upepo utageuka?
Zsombor anazitazama kandambili zake.

Halafu kungoja.
Ndege hamsini na tatu zisizo na injini zimepangwa nyasini,
pua zote upande mmoja, kama ng'ombe waliosikia kitu.
Marubani wamelala kivulini mwa mabawa, kofia usoni.
Mwitaliano anakula tikiti. Mjapani anabandika utepe
kwenye mwanya ambao mimi siuoni.
Hakuna anayezungumza na mpinzani, ila kuhusu mbu.

Saa saba na dakika kumi kamba inakazwa.
Nimeshika ncha ya bawa, nakimbia nalo hatua tano, sita,
halafu halinihitaji tena.
Mkono wangu unabaki umenyooka,
umeshika hewa.

Wapo wasemao aliye juu mngoje chini,
wakimkusudia mwenye kiburi.
Sisi tunamngoja kwa blanketi, chupa ya chai na redio.
"Mbili na nusu," inasema redio. Anapanda vizuri.
"Moja."
Danguolė anaacha kumenya tango.
"Korongo wanne walikuwa chini yangu. Sasa wako juu yangu."
Kisha mkwaruzo. Kisha hata mkwaruzo hakuna.

Skirmantė alirudi saa kumi na moja, akapita juu ya mstari kwa mluzi,
akashuka, akauliza: yuko wapi?
Hakuuliza amekuwa wa ngapi.

Simu ililia jua likizama.
"Niko kwenye mabua ya ngano. Mzima. Alizeti zote zimenipa kisogo."

Kilomita mia na kumi na tela tupu inayogonga.
Tulimkuta na mjane mmoja, Borbála, aliyewasha taa za trekta
ili tuone pini za mabawa,
na mjukuu wake amekaa kwenye kiti cha rubani,
amekamata usukani, hapumui.
Borbála akauliza kwa mikono: injini iko wapi?
Vaidotas akanionyesha mimi.
Tulicheka sote, yeye akiwa wa mwisho, na kwa muda mfupi.

Orodha imebandikwa karibu na mlango wa bafu:
Skirmantė wa kumi na tisa, Vaidotas wa arobaini na nne.
Danguolė ameifunika supu ya viazisukari vyekundu kwa sahani,
imepoa, tumeila hivyohivyo.

Njiani alikuwa amelala, viatu mkononi.
Barabara ilinyooka kama uzi,
lakini kichwa chake kiliinama kulia, tena kulia,
bado anazunguka,
bado anatafuta mahali inapopanda.

Betri. Nisisahau betri.