Pima Gorogoro Kwanza

Kazi yangu ni kugawa nyota.
Orofa ya saba, Kilimani, kiyoyozi kikikohoa,
nafungua ripoti za wanaosaidia maskini
nazipa moja, mbili, hadi tano,
kama mwalimu anayesahihisha insha
za watoto asiowajua kwa sura.

Mwezi wa Machi wakaniambia: shuka ukaone.
Nikashuka hadi Mukuru, ng'ambo ya reli,
tableti ndani ya mfuko wa nailoni,
maswali arobaini na matatu.

Mama Nzilani alikuwa anapima mahindi.
Hakuinuka. Alinisukumia ndoo iliyopinduliwa, nikakaa.
"Wewe ni wa kumi na mbili tangu Januari.
Mgeni njoo, mwenyeji apone!
Basi mimi ningekuwa mzima kuliko daktari."

Je, choo kilijengwa?
"Kilijengwa."
Kina mlango, maji, taa?
"Vyote. Na jina lao kwa rangi ya buluu,
unalisoma ukiwa kule darajani."
Ndiyo, nikabonyeza. Ndiyo. Ndiyo.
Hakuna swali lililouliza ufunguo uko kwa nani.
Uko kwa Mutinda, shilingi kumi kuingia,
na saa mbili usiku Mutinda hufunga akalale.
"Matumbo yetu," akasema, "hayakusomeshwa saa."

Kwa kipimo cha moja hadi tano, umeridhika kiasi gani?

Akaliacha gorogoro la kupimia,
akatungua jingine lililoning'inia msumarini,
akaligeuza.
Kitako kimegongwa kwa nyundo,
kimebonyea ndani kama tumbo la mwenye njaa.
"Hili lilikuwa la aliyekuwa akiniuzia.
Miaka miwili nilinunua sita, nikapika tano,
nikawagombeza wanangu kwa ulafi.
Sasa wewe, unayepima mahindi ya watu,
lako umewahi kuligeuza?"

Sikuwa na kitufe cha hilo.

Ofisini, faili mbili mezani.
Wenye choo: gharama za utawala asilimia tisa,
picha sitini, meno ya watoto yakimeta.
Nyota tano.
Chini yake, kurasa kumi na moja zilizobanwa kwa pini:
Kerubo, muuguzi mstaafu,
anayezunguka mlango kwa mlango na vidonge vya kifua kikuu,
anakaa kitandani pa mgonjwa mpaka ameze,
kisha anamwambia, fungua mdomo nione.
Picha: hakuna. "Wagonjwa hawakutaka."
Utawala: asilimia sitini na mbili,
kwa maana hakuna kingine humo
ila mshahara wake, na viatu, jozi tatu kwa mwaka.
Kompyuta ina kanuni: ukipita thelathini, nyota moja.
Haijui kwamba huo utawala
ndio miguu.

Nilimwendea bosi, Bwana Okutoyi.
"Tukianza kugeuzageuza kila kitu," akasema,
"tutamaliza lini?"
Si mtu mbaya. Alikuwa na wafadhili saa tisa
na kifungo kimoja cha shati kimekatika.

Nikarudi kwenye kisanduku cha Maoni Mengine,
nikaandika: *pima gorogoro kwanza.*
Mfumo ukajibu kwa wekundu:
jibu si sahihi, ingiza namba.

Niliingiza tatu.
Mpaka leo sijui ilikuwa tatu ya nani.

Jumamosi nilirudi Mukuru bila tableti,
nikamwomba Nzilani gorogoro mbili za mahindi.
Alijaza, akafuta juu kwa kiganja,
akaona macho yangu yanateleza kuelekea kitako
na kurudi haraka, kwa aibu.

"Geuza," akasema.
"Usiniamini kwa sababu mimi ni maskini.
Geuza."