Daftari la Volti

Betri ya tatu hii, wakaniambia, tangu Rajabu.
Ya kwanza lawama walimtupia muuzaji wa Mombasa,
ya pili wakalitupia joto, na sasa
wanamtazama nahodha Famau kwa jicho la pembeni,
eti anachaji simu za mtaa mzima.
Famau hakujibu. Alihamisha kijiti mdomoni
upande wa pili.

Boti yenyewe yaitwa Afueni,
ya zahanati, ubavu mweupe, maandishi mekundu yamechujuka.
Alfajiri mbili ufunguo ulizungushwa
ikatoa tk, tk, kama mjusi ukutani,
na mgonjwa yuko juu ya godoro, ameuma kanga.

Nilianza na kilichoonekana:
vichwa vya betri vimeota ukungu wa kijani,
waya wa nyumbani umefungwa kwa nailoni ya sukari,
fyuzi haipo, pahali pake karatasi ya sigara.
Nikang'oa vyote. Nikatandaza shaba iliyopakwa bati,
mwekundu kwa chanya, mweusi kwa hasi,
kila kiungo nikakibana, nikakivika mpira,
nikakipasha moto mpaka ukakumbatia.
Fyuzi nikaiweka shibiri moja tu kutoka betri;
cheche haina subira ya kufika mbali.
"Umemaliza," akasema karani, akitafuta kalamu.
"Sijaanza," nikamwambia.

Waya safi hauwezi kukueleza
usiku umeondoka na nini.

Nikaomba kulala humo. Wakacheka:
mwanamke, botini, gatini Lamu, na kijisanduku cha namba!
Mama akanipa birika la kahawa,
akamtuma mdogo wangu Bunu aje anilinde.
Bunu alikoroma kabla ya saa tatu.

Nikaikata njia ya hasi, nikaipachika mita katikati,
ili kila ampea itokayo
ipite mbele yangu na kutoa salamu.
Kisha daftari la hesabu, kurasa za mwisho:

Saa tatu. Kumi na mbili nukta saba. Hakitoki kitu.
Saa tatu u nusu. Vilevile. Mbu.
Saa nne na dakika sita. Ampea nne.

Nne! Na taa zote nimezima.
Chini ya mbao kitu kinanguruma taratibu
kama paka anayeota.
Dakika kumi, kikanyamaza.
Dakika kumi, kikaanza tena.
Mchana nani angekisikia, na punda wanalia,
na mahamali wanagombana juu ya saruji ya nani?
Haba na haba hujaza kibaba,
na ndivyo kibaba kinavyokwisha.

Nikafunua mbao, nikamulika ngama.
Pampu ndogo, boya lake likipanda na kushuka,
na kule tezi, karibu na mhimili wa rafadha,
kalafati imetoka, urefu wa kidole,
bahari inaingia bila hata kubisha hodi.

Kumbe betri haikuwa ikifa.
Ilikuwa ikikesha, ikifuta maji,
peke yake, siku tatu gatini bila safari kuijaza,
na asubuhi tukiikuta hoi tunaitukana.

Nilimkumbuka shangazi Mwanajaha,
tuliyemwita mvivu kwa kusinzia mchana
miaka ile mume wake alipopooza.
Nikamimina kahawa. Ilikuwa imepoa.

Saa kumi na moja. Kumi na mbili nukta nne.
Nikapiga mstari chini.

Fundi Shamuti alikuja na pamba na nyundo,
akaziba, akapaka sifa;
sifa nyingine siku ile sikuiona.
Karani alinilipa nusu,
kwa hoja kwamba kosa halikuwa la umeme.

Lakini karibu na usukani nimeacha taa,
ndogo, nyekundu kama punje ya komamanga:
pampu ikiguna, inawaka.
Famau aliitazama muda mrefu.
Akatoa kijiti mdomoni.
"Kwa hiyo," akasema, "si zile simu."